Kilichoua Wanakondoo wa Mwalimu Koech

Nyinyi mnaotoka chuoni siku hizi hampendi kumpasua mnyama. Mnampiga picha. Mnaituma kwenye kikundi cha simu, mnangoja wenzenu ambao pia hawajampasua waseme ni nini, na anayeandika kwanza ndiye anayeaminiwa. Nimestaafu lakini hakuna aliyekumbuka kunitoa kwenye vikundi hivyo, kwa hiyo nasoma. Juzi mmoja wenu aliweka picha ya mbuzi amelala chali, ameuma ulimi, akauliza, "Wadau, hii itakuwa nini?" Mmoja akasema nimonia. Mwingine minyoo. Mwingine akaandika jina la dawa bila kusema ni ya nini, na chini yake watu wakaweka vidole gumba. Sikuona hata mmoja aliyeuliza kama mbuzi huyo amefunguliwa.

Mimi nilikuwa daktari wa mifugo wa serikali. Nilianzia Rongai, nikahamishiwa Molo, na mwishoni nikaletwa Nakuru mjini, nikakalishwa kwenye kiti cha kuzunguka na kupewa mafaili. Kuhusu mafaili sina la kuwafundisha. Kazi yenyewe niliifanya Molo, kwenye ile baridi inayoingia kwenye magoti na kukataa kutoka. Kule kuna viazi, kuna maziwa, na kuna kondoo wa sufu ambao watu wa mjini huwajua kwa harufu tu, lori likipita.

Aliyenifundisha anaitwa Daktari Wafula. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ndogo na dharau nyingi, na watu wanaonijua husema sikuchukua ujuzi wake peke yake. Siku moja mfugaji alimweleza kifo cha ng'ombe wake tangu alivyonunuliwa, nani alimuuza, nani alimwonea wivu, na ndoto aliyoota mke wake. Wafula alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wewe nimekusikia. Sasa niachie ng'ombe naye aniambie," akachomoa kisu. Wakati mwingine alitujia mkubwa fulani kutoka Nairobi, amevaa viatu vyeupe Molo, msimu wa mvua. Akawa anamwelekezea Wafula kwa kalamu pa kukata. Wafula akamwomba amshikie kidogo kitu, na yule bwana akanyoosha mikono bila kuangalia. Akajikuta amekumbatia tumbo la ng'ombe. Hakurudi tena, na sisi hatukumwulizia.

Lakini nimeanza kuandika kwa sababu ya Mwalimu Koech, na nitawaeleza habari yake bila kuipamba. Karibu watu wafe, na sisemi kondoo.

Mwalimu Koech alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mrefu, mwenye koti la sufu la rangi ya majivu ambalo sikuwahi kumwona bila hilo. Alifuga kondoo weupe wa sufu upande wa juu wa Molo, na alizungumza nao kama anavyozungumza na darasa la nane. Kondoo akivuka mstari, alimwita kwa jina, akamkaripia, akamweleza kosa lake. Mkewe, Mama Chebet, ndiye aliyewalisha, kuwatibu vidonda na kukesha nao wakizaa. Mwalimu aliwasimamia.

Msimu mmoja wanakondoo wake walianza kutembea vibaya. Migongo imepinda, miguu ya nyuma imekakamaa kama ya mtu aliyevaa viatu vya mdogo wake. Ukiwakimbiza kidogo, mmoja anaanguka na kufa pale pale. Niliitwa, nikafungua aliyekufa. Nyama ya paja ilikuwa nyeupe kama ya kuku aliyechemshwa, na kwenye moyo kulikuwa na michirizi myeupe. Mkiona hivyo, fikirini upungufu wa madini yanayoitwa seleniamu. Kuna mashamba ambayo udongo wake hauna ya kutosha, nyasi haziyapati, mama hayapati, na mtoto anazaliwa na misuli isiyo na nguvu, pamoja na huo msuli mkubwa kuliko yote ambao ni moyo.

Niliwadunga sindano. Kiasi kidogo sana, kiasi ambacho ukikiona ndani ya bomba unadhani daktari amesahau kuvuta dawa. Mwalimu alikitazama akauliza, "Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

"Daktari Moraa, si ungeongeza kidogo, kwa vile umeshafika?"

Nikamweleza polepole. Nikamwambia seleniamu si chumvi ya kulamba. Mwili unaihitaji kwa chembe, na ukiupa zaidi ya chembe, dawa ile ile inarudi kushambulia moyo, mapafu, ini na figo. Nafasi iliyoko kati ya kipimo kinachoponya na kinachoua ni nyembamba, na ndiyo maana tunapima mnyama kwanza, halafu tunasoma chupa, halafu tunasoma chupa tena.

"Nimekuelewa," akasema. "Mimi ni mwalimu."

Mtu akiniambia ameelewa, namwuliza arudie nilichosema. Mtu akiniambia ameelewa kwa sababu ya cheo chake, najua huyo hakusikiliza. Wanakondoo walipona baada ya siku chache, wakaruka ruka, na Mwalimu akatembea Molo nzima akisimulia sindano ile kama yeye ndiye aliyeitengeneza.

Msimu uliofuata, asubuhi, Mama Chebet alinipigia simu. Alizungumza kwa sauti ya chini, na nyuma yake nilisikia wanaume.

"Daktari, kuja. Watoto wa kondoo wanakufa. Wengine wako chini, wengine wanapumua vibaya."

"Nakuja."

"Kuja haraka. Kuna watu wamekuja na mapanga."

Sasa, hapo ndipo nyinyi mngemwuliza atume picha.

Nilipofika niliwakuta wanaume wamejaa kwenye lango na kando ya ua. Mwalimu Koech alikuwa amesimama katikati na koti lake, amenyoosha kidole kuelekea shamba la jirani. Jirani huyo alikuwa Mama Wanja, mjane wa kabila jingine aliyelima viazi, au waru kama alivyoviita mwenyewe, na kufuga ng'ombe mmoja wa maziwa. Yeye na Mwalimu waligombana kwa muda mrefu juu ya ua, kwa sababu kondoo wa Mwalimu walikuwa wakiingia kwake kula majani ya viazi. Majuzi alikuwa amepulizia viazi dawa ya ukungu, kama kila mtu Molo anavyofanya mvua ikizidi. Na sasa wanakondoo wa Mwalimu walikuwa wanakufa. Kwa watu wale hesabu ilikuwa imekwisha. Mama Wanja amepulizia sumu kwenye nyasi za mpakani ili kuwaua.

"Hawa watu tumewavumilia sana," mmoja akasema.

Sikupenda "hawa watu" yake. Sisi tulioishi Molo na tuliofika umri huu tunayajua maneno hayo. Huanza yakisemwa juu ya kondoo, juu ya ua, juu ya mfereji wa maji, na baadaye watu wanalala msituni na mablanketi yao. Nyinyi mmesomeshwa jinsi ya kuhesabu minyoo kwenye kinyesi, jambo zuri, lakini hamkuambiwa kwamba siku nyingine kazi ya daktari wa mifugo ni kusimama kati ya kondoo aliyekufa na nyumba ya mtu.

Nilitupa jicho upande wa pili. Mama Wanja alikuwa anachimba viazi. Havikuwa vimekomaa, majani yake yalikuwa bado ya kijani kibichi, lakini alikuwa ameinama anachimba haraka bila kuinua kichwa. Pikapu ilikuwa imeegeshwa karibu na mlango wake, na juu yake nikaona godoro.

Nikavaa glavu. Kijana mmoja mnene mwenye panga akanizuia njia.

"Daktari, hakuna haja ya kupasua. Sisi tunajua ni nini."

"Basi mmeniitia nini?"

"Sisi hatukukuita."

"Mimi nimeitwa na Mama Chebet, mwenye kondoo. Nyinyi mmeitwa na nani?"

Akanitazama juu hadi chini. "Na wewe pia si mtu wa huku."

"Ndiyo," nikamwambia. "Mimi ni Mkisii, nimetoka mbali, sina shangazi hapa wa kufurahisha. Weka panga chini, unishikie huyu miguu."

Sijui kwa nini alitii. Nadhani watu wengi wanaoshika panga wanangoja tu mtu awape kazi nyingine.

Nilianza na aliye hai, na hilo pia mliandike. Msikimbilie mzoga wakati kuna mgonjwa anayeweza kuwaonyesha. Mwanakondoo alisimama peke yake, kichwa chini, masikio yamelegea. Tumbo lilikuwa likipanda na kushuka kwa kila pumzi, na povu jepesi lilitoka puani. Nikamfungua jicho. Mboni ilikuwa ya kawaida. Nikamfungua mdomo. Hakuwa anatokwa na mate, hakuwa akitetemeka, hakuwa anahara. Zile dawa za wadudu ambazo watu hunywa wakitaka kufa humfanya mnyama atiririke mate, misuli ikicheza chini ya ngozi na mboni ikiwa ndogo kama ncha ya sindano. Huyu hakuwa na hata moja kati ya hayo.

Nikaweka pua yangu kwenye mdomo wake, nikavuta. Halafu nikamwita Mwalimu.

"Njoo unuse."

"Ninuse nini?"

"Pumzi yake. Hutakufa."

Aliinama, koti likamwangukia mbele, akanusa, akarudi nyuma. "Kitunguu saumu," akasema.

"Umewalisha kitunguu saumu?"

"Kondoo?" Alinitazama kama mwanafunzi amemuuliza swali la kipumbavu.

Nikageuka kwa wale wanaume. Mama za wanakondoo walikuwa pale pale mpakani, wanakula nyasi bila wasiwasi, mmoja ameingiza kichwa kwenye ua wa Mama Wanja kabisa.

"Anayekula nyasi nyingi ni nani, mama au mtoto?"

Nikajijibu mwenyewe.

"Watoto hawa wananyonya. Nyasi wanaonjaonja tu. Kama nyasi zina sumu, mbona mama zao wanakula na hakuna aliyeanguka? Sumu gani hii inayoruka mama na kuchagua watoto?"

Mzee mmoja aliyekuwa nyuma akasema, "Pengine watoto ni dhaifu. Kidogo tu kinawamaliza."

Lilikuwa jambo la busara, la kwanza nililosikia tangu nifike, nikamwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba kuna njia ya kujua.

Tukamlaza aliyekufa juu ya gunia. Nikakata kutoka kidevuni hadi tumboni, nikafungua kifua, na maji yenye rangi ya majani ya chai iliyopoa yakamwagika kwenye gambuti zangu. Mapafu hayakunywea kama inavyotakiwa. Yalikuwa mazito, yamevimba, ya rangi ya zambarau, na nilipoyakata yakatoa povu kama sabuni. Bomba la hewa lilikuwa limejaa povu hilo mpaka juu. Huyu mnyama alizama akiwa amesimama kwenye nchi kavu.

Kijana mwenye kushika miguu alianza kupepesa macho. Nikamwambia atazame mlima.

Nikaufungua moyo. Ulikuwa umetapakaa madoa ya damu kama umechomwa na miba, na kati ya madoa msuli ulikuwa umepauka. Kumbukeni huu ni moyo ule ule niliouona msimu wa kwanza ukiwa na michirizi myeupe kwa kukosa seleniamu. Ukikosa, moyo unaharibika. Ukizidishiwa, moyo unaharibika. Mtu mvivu akiona msuli umepauka tu atasema ni upungufu, ataongeza dawa, na atawamaliza waliobaki. Ini lilikuwa limejaa damu, zito, na kingo zake zimekuwa butu. Figo zilikuwa nyeusi kuliko kawaida, na ngozi yake nyembamba ilipotolewa damu ikachuruzika.

Kila kitu kilionyesha njia moja, lakini sikutaka kusema kwa mdomo wangu. Wafula alitufundisha kwamba ukiwa na mashaka juu ya watu, chuna shingo. Watu hudunga sindano kisha wanasahau, au wanajifanya wamesahau, lakini ngozi ikigeuzwa, upande wa ndani unasema. Nikaichuna shingo polepole, nikaigeuza juani. Kulikuwa na uvimbe wenye damu na majimaji, mkubwa kuliko kiganja cha mtoto. Nikachuna wa pili. Hali ilikuwa hiyo hiyo, na mahali ni pale pale.

"Nani amewadunga hawa?"

Mama Chebet alikuwa amesimama mlangoni mwa boma. Alimtazama tu mumewe.

"Ile ni dawa," Mwalimu akasema. "Ni ile yako, Daktari. Ya kuwapa nguvu."

"Yangu ilikuwa kidogo."

"Niliongeza. Hawa walizaliwa wembamba. Nikaona nisingoje wakakamae."

"Iko wapi chupa?"

Akaingia ndani, akarudi nayo. Kwenye karatasi yake kulikuwa na picha ya ng'ombe, ng'ombe mkubwa mwenye afya, amechorwa ili hata asiyejua kusoma aelewe. Ilikuwa dawa kali ya ng'ombe, yenye nguvu mara nyingi kuliko ile niliyotumia mimi. Alikuwa amevuta bomba kama la ndama, akaongeza kidogo juu yake, akawadunga wote jana yake alasiri. Waliokuwa wanyonge zaidi aliwapa zaidi.

"Mwalimu," nikasema, "tangu asubuhi unawaambia watu hawa kwamba jirani yako ni muuaji. Hii sindano hukuikumbuka?"

"Nilikumbuka. Lakini hiyo ni dawa. Dawa si sumu."

"Na hukuitaja?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Mimi naamini hakusema uongo. Kichwani mwake kulikuwa na chumba cha dawa na chumba cha sumu, na hakukuwa na mlango kati yao. Nimekutana na vichwa vya namna hiyo maisha yangu yote, vingine vikiwa na digrii. Lakini kuna nyumba ilikuwa imefunga godoro kwenye pikapu kwa sababu ya kichwa hicho, na sikuona sababu ya kumhurumia mbele ya watu.

Nikachukua vipande vya ini na figo, nikavifunga vizuri, vikaenda maabara Nakuru. Msije mkaenda mahakamani na pua zenu. Harufu ya kitunguu saumu, ambayo seleniamu iliyozidi huitoa kwenye pumzi, na shingo iliyovimba vinakuonyesha pa kutazama, maabara ndiyo inayothibitisha, na baadaye ilithibitisha. Mwalimu aliniuliza dawa ya kuitoa ile seleniamu mwilini. Nikamwambia haipo. Awaweke mahali pakavu, asiwakimbize, maji yawe karibu, na angoje. Wengine walikufa kabla ya jua kutua. Waliopona hawakukua vizuri, walibaki wadogo, wakichoka haraka.

Wale wanaume walianza kupungua. Ni jambo la ajabu kuona jinsi umati unavyojua kuyeyuka. Kila mmoja alikumbuka ng'ombe ambaye hajakamuliwa. Mmoja aliniambia alikuwa anapita tu, na panga alilibeba kwa ajili ya kukata majani ya sungura. Yule kijana mnene, rangi ikiwa imemrudia, akanisogelea na kuuliza kwa adabu, "Daktari, na hii nyama, si inaweza kuliwa?"

"Umekuja na nguvu nyingi asubuhi," nikamwambia. "Nguvu hizo zitachimba shimo. Refu, mpaka kiunoni kwako. Waite na wenzako kabla hawajafika barabarani." Wakachimba. Nilisimama juu ya shimo mpaka wanakondoo wote waliokufa wakafunikwa, kwa sababu ninawajua watu.

Kabla sijamaliza ya siku ile, niwaeleze kuhusu Kevo, maana wengi wenu mwisho wenu ni kufungua agroveti, duka la dawa za mifugo na mimea. Kevo ndiye aliyemuuzia Mwalimu ile chupa. Alikuwa na duka mjini Molo, limepakwa rangi ya kijani, na kabla ya hapo aliuza simu. Nilikwenda kwake siku iliyofuata.

"Mathe, karibu. Tukusaidie na nini?"

Nikaiweka chupa kwenye kaunta. "Hii ulimuuzia Mwalimu Koech?"

"Hiyo iko moto sana. Inasonga vizuri."

"Ulimwambia ni ya kondoo?"

"Kondoo, ng'ombe, zote si ni wanyama?"

"Kipimo ulikitoa wapi?"

"Niliona kwa video."

"Video ya wapi?"

Akafikiri. "Sijui. Walikuwa wazungu. Lakini kondoo zao zilikuwa kubwa."

Nilipomwambia mimi ni nani, mathe ikawa daktari, na daktari ikawa daktari tafadhali. Niliandika ripoti, duka likafungwa, na baada ya muda likafunguliwa tena kwa jina la mke wake, likiwa limepakwa rangi ya bluu. Kevo alikuwa amekaa pale pale nyuma ya kaunta. Nikipita alinipungia mkono. Mkiwa na duka, na mkiuza kitu ambacho hamwezi kumwambia mteja kinafanya nini kikizidi, basi nyinyi na Kevo ni ndugu, hata kama ukutani mmetundika cheti.

Turudi kwenye shamba. Shimo lilikuwa limefunikwa na mimi nilikuwa naosha visu kwenye ndoo. Mwalimu alikuja akasimama karibu nami.

"Nitamtuma Mama Chebet huko kwa jirani," akasema. "Na maziwa kidogo."

Mama Chebet alimsikia. Alikuwa anafagia damu, na hakuacha kufagia. "Mimi sikumtaja Mama Wanja," akasema. "Maziwa yangu hayaendi popote."

"Uliyenyoosha kidole ni wewe, Mwalimu," nikamwambia. "Mbele ya watu. Na hicho kidole nina hakika unatembea nacho."

Nilidhani ataingia nyumbani. Watu wengi wa cheo chake wangeingia, wangewasha redio, na wiki mbili baadaye wangemsalimia jirani kanisani kana kwamba hakuna kilichotokea, na sisi wengine tungeita hiyo amani. Lakini akatembea mpaka penye pengo la ua, pale kondoo wake walipokuwa wakipitia, akainama, akapita. Ua ulimshika koti na akalazimika kulivuta.

Mama Wanja alikuwa bado anachimba. Viazi vilikuwa vimetandaa chini, vidogo, ngozi yake nyororo ikichubuka kwa kuguswa tu. Sokoni wangemcheka.

"Mama Wanja," Mwalimu akasema.

Hakuinua kichwa.

"Ilikuwa sindano. Mimi ndiye niliyewadunga. Wewe hukufanya kitu."

"Nimesikia. Mnaongea kwa nguvu huko kwenu."

"Nilisema maneno mabaya."

"Hayo pia nilisikia."

Mimi nilikuwa nimesimama na kisu kilicholowa, nasikiliza bila aibu yoyote.

"Usihame," akasema.

Mama Wanja akajinyoosha, mkono kiunoni, akamtazama kwa mara ya kwanza. "Waru zimeshatoka kwa udongo, Mwalimu. Nizirudishe?"

Mama Wanja akainama tena, akachukua karai lililojaa viazi, akaanza kuhangaika na gunia kwa mkono mmoja, gunia likijifunga kila akimimina, viazi vikidondoka pembeni.

Mwalimu akapiga magoti kwenye udongo. Akalishika gunia pande zote mbili, akalifungua mdomo, akalishikilia.

Mama Wanja aliganda na karai lake. Nilidhani atammwagia kichwani. Halafu akamimina. Akaenda, akarudi na karai jingine, akamimina. Gunia lilipojaa Mwalimu akalifunga, akachukua jingine, akalifungua. Pikapu iliondoka na viazi kwenda sokoni jioni, na godoro lilikuwa limeshushwa. Mwalimu alirudi kwake akiwa udongo mtupu mpaka mabegani. Asante hakuambiwa, na mimi nisingemwambia.